"The book which I bought it": huyo mtoto ana akili zake!

Wiki hii sina habari za bumu wala za foleni ya kafeteria. Nataka kuongelea kitu ambacho sisi wa ualimu, hasa tunaochukua Kiingereza kama somo la kufundishia, tunakipita haraka haraka kama daladala iliyojaa inavyopita kituo: vishazi rejeshi. Usikimbie! Ni vile vimaneno who, which, that na whose, pamoja na kisentensi kinachofuata, ambacho kazi yake ni kuieleza nomino iliyotangulia. "The man who sells chips." Mtu yupi? Huyo anayeuza chipsi. Basi, ndiyo hiyo.

Msimamo wangu nauweka mapema: jinsi tunavyofundisha jambo hili sekondari ni hovyo, na dawa tunatembea nayo mdomoni kila siku. Ni Kiswahili.

Angalia tunachofanya. Mwalimu anaandika ubaoni "I saw a boy. The boy was crying", halafu anaagiza: unganisha kwa kutumia who. Mwanafunzi anaunganisha, anapata vema, tunasonga mbele. Who ya watu, which ya vitu, kipindi kimeisha. Kesho mwanafunzi huyo huyo anaandika kwenye insha, "The book which I bought it is lost." Kalamu nyekundu juu ya "it", maksi moja imekwenda, na hakuna anayemwambia kwa nini.

Hivi jamani, mmeshawahi kujiuliza hiyo "it" imetoka wapi? Imetoka kwenye "kitabu nilichokinunua". Likate hilo neno: ni- ni mimi, -li- ni wakati uliopita, -cho- ni kitabu, -ki- ni kitabu tena! Tumekitaja kitabu mara mbili ndani ya kitenzi kimoja na hakuna anayeshtuka. Ukitumia amba- ni yale yale: "kitabu ambacho nilikinunua". Kiingereza hakitaki hivyo. Which ikishasimama mbele kwa niaba ya kitabu, baada ya "bought" panaachwa pengo. Hilo pengo ndilo somo lenyewe, na kwenye ile kazi ya kuunganisha sentensi mbili halionekani kabisa kwa sababu "the boy" ndiye aliyekuwa analia, yaani ndiye mtenda. Kwa hiyo mtoto hajabahatisha. Amefuata kanuni, ila ya lugha nyingine. Mwalimu mwenye akili angemwambia: Kiswahili pia kinakuruhusu kusema "nilichonunua", bila -ki-, basi Kiingereza kinafanana na hicho kifupi. Dakika mbili tu, na mtoto ameelewa.

Tuje kwenye "the girl whom her father is a doctor". Hii nayo si ujinga. Ni "msichana ambaye baba yake ni daktari", neno kwa neno. Kiingereza kinakunja "whom" na "her" kuwa kitu kimoja, whose. Onyesha hizo sentensi mbili juu na chini ubaoni, chora mshale, umemaliza.

Na ile ninayoipenda kuliko zote: "the pen which I write". Kalamu ambayo naandika?? Mwalimu anacheka, darasa linacheka. Lakini mtoto anawaza "kalamu ninayoandikia", na kwenye andikia kuna ile -i- ndogo inayobeba kazi yote ya "with". Nyumba ninayoishi, kisu ninachokatia, sahani ninayolia... sisi kitenzi ndicho kinachobeba, au tunaacha ieleweke tu. Kiingereza kinabeba kwa kihusishi, na kihusishi hicho kinabaki mwishoni kikiwa peke yake: "the pen I write with", "the house I live in". Kuna walimu wanaogopa sentensi inayoishia na with au in kama ugonjwa. Wasiogope. "The pen with which I write" ni Kiingereza cha barua ya ofisini, sawa, lakini kwenye magazeti, kwenye riwaya, kwenye meseji za simu, watu wanaandika ile ya kwanza.

Mmeona pia kwamba kwenye "the pen I write with" hakuna which wala that? Imeondoka! Inaruhusiwa pale ambapo nomino siyo mtenda wa kile kisentensi. "The man I saw" ni sawa. "The man sells chips is my uncle" hapana, huwezi. Wanafunzi wetu wanakutana na hivyo vilivyofichwa kila ukurasa, lakini mazoezi tunayowapa ni ya vilivyovaa sare tu.

Hapa sasa ndipo ninapoona hatari, maana si suala la maksi za insha tena. Soma hii: "The cow brought to the market died." Mpe mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Wengi wataanza: ng'ombe alileta... alileta nini? Halafu wanakwama kwenye "died". Maana yake ni ng'ombe aliyeletwa sokoni alikufa. Kiswahili kimetupa alama mbili wazi, -ye- na -w-, ndani ya neno moja. Kiingereza kimeficha "which was" na kukuachia "brought", ambayo ni ile ile ya aliyeleta na aliyeletwa. Sasa fungua kitabu cha Baiolojia au cha Jiografia uhesabu sentensi za namna hiyo: the food eaten by..., the soil carried by..., the blood leaving the heart. Mtoto anafeli Baiolojia, tunasema hana akili ya sayansi. Kumbe kilichomshinda ni kishazi!

Wala si watoto wetu tu wanaogombana na mambo haya. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Lockhart dhidi ya Marekani. Sheria ilitaja aina tatu za makosa ya unyanyasaji wa kingono, halafu mwishoni ikaweka maneno "involving a minor or ward", yaani yanayomhusu mtoto au mtu aliye chini ya uangalizi. Je, mkia huo unaeleza makosa yote matatu, au la mwisho tu? Kosa la zamani la Lockhart lilimhusu mtu mzima. Majaji sita walisema mkia ni wa la mwisho tu, wawili wakakataa, na hivyo kifungo kisichopungua miaka 10 kikasimama. Jaji Elena Kagan, aliyeandika upande wa wachache, alitoa mfano wa mtu anayetaka kukutana na mwigizaji, mwongozaji au mtayarishaji anayehusika na filamu mpya ya Star Wars. Nani atadhani kuhusika na filamu ni sharti la mtayarishaji peke yake? Mimi niko na Kagan, kwa kweli. Lakini ona uzito wa maneno matano.

Na mkato je? "Students who have not paid fees will not sit for the examination." Wasiolipa hawafanyi mtihani, waliolipa wanaendelea na maisha. Weka mikato miwili, "Students, who have not paid fees, will not sit for the examination", na sasa umesema wanafunzi wote hawajalipa na wote hawafanyi. Kwa Kiswahili "wanafunzi ambao hawajalipa" hatutegemei mkato kiasi hicho, ndiyo maana tunaunyunyiza kwenye Kiingereza kama chumvi. Chungulieni mbao za matangazo mjionee wenyewe.

Kuhusu ugomvi wa which na that, mimi sina muda nao. H. W. Fowler alipendekeza mwaka 1926 that iwe ya kubainisha na which iwe ya nyongeza, na yeye mwenyewe alikiri kwamba waandishi wengi hawafanyi hivyo. Kompyuta ikichora mstari chini ya which yako, tulia.

Najua nitakachoambiwa: shuleni kuna kibao cha "Speak English only", na mwalimu wa Kiingereza akitamka Kiswahili darasani anaonekana hajui lugha. Sawa. Wanaosema hivyo waje wanieleze watamfundishaje mtoto kuitoa ile "it" bila kumwonyesha ile -ki-. Mimi kwenye BTP nitaingia na maelezo ya kwenye boksi la dawa, ukurasa mmoja wa Baiolojia na tangazo la ubaoni, tuwinde vishazi vilivyojificha na tuvitafsiri kimoja kimoja. Mkaguzi akija, atanikuta ubaoni nimeandika "kalamu ninayoandikia".

Ngoja niishie hapa, kuna asaimenti ya saikolojia inanisubiri na umeme wa hosteli hautabiriki.