Mbunge si Duka la Basari

Kila wiki kuna mtu ananitumia video ya mbunge wake amesimama mbele ya darasa jipya. Rangi haijakauka, na jina la mheshimiwa ukutani ni kubwa kuliko la shule. Chini wameandika: "Huyu ndiye anafanya kazi." Wacha niwaudhi kidogo: hiyo si kazi yake. Katiba, kifungu cha 95, inalipa Bunge la Taifa kazi ya kuwakilisha watu, kutunga sheria na kusimamia matumizi ya pesa za umma. Kuzindua choo haimo.

Mkitaka kuona kazi ya mbunge, mwangalieni Njoki Ndung'u. Rika langu tunamjua kama jaji wa Mahakama ya Juu, wa kwenye kesi za urais. Kabla ya hapo alikuwa mbunge mteule wa NARC, 2003 hadi 2007. Muhula mmoja tu. Hakuwa na eneobunge, kwa hivyo hakuwa na CDF ya kugawa. Na hapa kwetu mbunge mteule tunamchukulia kama mtu aliyepewa kiti zawadi, akae akule, anyamaze.

Yeye hakunyamaza. Alileta Mswada wa Makosa ya Ngono. Kumbuka sheria ya zamani ilivyokuwa: ubakaji ulimhusu mwanamke na msichana pekee. Mvulana akitendewa unyama huo, sheria haikuita ubakaji. Na aliyebaka hakuwekewa kifungo cha chini, kwa hivyo angeweza kutoka haraka na mrudi kukutana naye stejini. Mswada ukaingia Bunge la viti 222, karibu wote wanaume. Mbunge mmoja akasimama akasema, ati wanawake wa Kiafrika wakikataa huwa wanamaanisha wamekubali. Ndani ya Bunge! Wabunge wanawake wakatoka nje.

Ulikatwakatwa. Ubakaji ndani ya ndoa ukaondolewa. Kikachomekwa kifungu cha kumtisha mlalamishi: ukionekana umesingizia, unabeba adhabu ile ile ya kosa. Hicho kilifutwa miaka kadhaa baadaye. Lile la ndoa liko hadi leo, na hakuna mheshimiwa namwona akikosa usingizi juu yake. Lakini 2006 sheria ikapita. Ubakaji, miaka 10 kwenda juu. Ukinajisi mtoto wa miaka 11 au chini, kifungo cha maisha. Mtoto wa Turkana, mtoto wa Kwale, mtoto wa Mathare, wote inawalinda, na hakuna aliyepanga foleni kwa ofisi ya mtu kuomba.

Sasa cheki kichekesho. Bunge hilo hilo, la tisa, ndilo lilitunga sheria ya CDF, 2003. Vitu viwili kutoka nyumba moja. Sisi tukachukua hundi, tukaifanya ndiyo kipimo cha mbunge.

Najua mtasema, "Na watoto wa maskini watasoma vipi?" Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo tusipigane vita vya nani anajua shida. Basari niliyowahi kupata ni elfu tano, mara moja, na tulipangwa laini tupigwe picha na hundi. Hata robo ya karo ya muhula haikufika. Hiyo pesa ni kodi yetu. Ingeweza kwenda moja kwa moja shuleni na chuoni bila kupitia mfuko wa shukrani wa mtu. Isitoshe, mbunge akishika pesa na yeye ndiye wa kukagua pesa, nani anamkagua? Mahakama Kuu ilisema 2024 kwamba sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba, ikaipa hadi 30 Juni 2026. Mliona wabunge walivyokimbia kuitetea. Hizo mbio sijawahi kuziona kwa mswada wa karo.

2027 inakuja na wataanza kupita na wilbaro na mitungi ya gesi. Kabla hujanitumia video nyingine, niandikie jina la mswada mmoja ambao mbunge wako ameleta. Mmoja tu. Darasa sihesabu.