"Nilijiona Kama Mtu Mwingine"



Juma hili natuzungumze habari ya watu waliopatwa na jambo kubwa la kutisha, ambao wakisimulia yaliyowapata husema, "Nilijiona." Mtu amepinduka na gari, naye asema, "Nilijiona nimelala kando ya barabara, damu yanitoka, watu wamenizunguka." Mama amevamiwa na wezi usiku, naye asema, "Nilikuwa kama nimesimama mlangoni, namtazama mwanamke anapigwa. Mwanamke yule ni mimi." Tena husema hayo taratibu, pasipo chozi, kama mtu asomaye matangazo kanisani.

Wenye kusikia hukonyezana. Huyu asema, mwongo huyo, maana nani awezaye kuuona mgongo wake mwenyewe? Yule asema, moyo wake mgumu, nduguye amekufa mle garini naye halii. Wa tatu asema, amepandwa na pepo, apelekwe akapungwe. Basi mtu aliyeponea chupuchupu huongezewa hukumu tatu juu ya maumivu yake. Mara nyingi hunyamaza, asimwambie tena mtu awaye yote.

Je, hukumu hizo ni za haki? Hata moja si ya haki. Natuziangalie moja moja.

Kwanza, uwongo. Kujiona toka nje katika kumbukumbu si jambo geni. Wewe msomaji, kumbuka siku ya harusi yako, au siku uliposimama mara ya kwanza kusoma somo mbele ya watu wote. Yamkini wajiona umesimama pale na nguo ulizovaa, kana kwamba ulikuwa umekaa benchi la nyuma. Lakini macho yako siku ile hayakuwa benchi la nyuma! Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Marekani, Georgia Nigro na Ulric Neisser, waliandika juu ya jambo hili. Waliona kwamba kumbukumbu ni za namna mbili: nyingine mtu huziona kwa macho yake mwenyewe, nyingine kama kwa macho ya mtazamaji. Mambo ya zamani huelekea zaidi kuwa ya namna hii ya pili. Maana kumbukumbu si picha iliyofungiwa sandukuni. Kila tunapokumbuka, akili huijenga upya kwa vipande ilivyo navyo. Kwa hiyo asemaye "Nilijiona" asema vile aonavyo. Wala wazee wa baraza wasiutupe ushahidi wa mtu kwa neno hilo peke yake.

Pili, pepo. Kwa wengine kujitenga huku huanza palepale hatarini. Albert Heim, Mswisi mwenye elimu ya miamba na milima, alianguka katika milima ya Alps mwaka 1871 akapona. Mwaka 1892 alitangaza habari zake na za wengine walioanguka kama yeye. Alieleza kwamba alipokuwa akianguka aliyaona maisha yake yakipita kama mchezo jukwaani, mbali naye kidogo. Hakuna pepo hapo, wala roho haikutoka mwilini. Akili ya mwanadamu ikizidiwa yaweza kujitenga na yale yanayoupata mwili, mfano wa mtu atokaye katika nyumba iwakayo moto, akasimama uani akitazama. Ni kinga. Yamsaidia kuvuka saa ile.

Shida ni kwamba moto ukiisha kuzimika, wengine hubaki palepale uani. Miezi yapita, naye mtu aona mikono yake kama si yake, na nyumba yake kama nyumba ya ndotoni. Usiku aota yaleyale, mchana mlio wa gari wamrusha. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuandika ugonjwa huu wa baada ya mkasa katika kitabu chake cha magonjwa mwaka 1980. Mwaka 2013 kikaongeza kwamba wako wagonjwa wake wajionao wametengana na miili yao, au waonao ulimwengu kama si wa kweli. Basi madaktari wanaujua.

Tatu, moyo mgumu. Mwaka 2004 Heather McIsaac na Eric Eich wa Kanada walitoa habari za uchunguzi wao juu ya watu wenye ugonjwa huo. Wale walioukumbuka mkasa kwa macho yao wenyewe walisimulia zaidi hofu na maumivu waliyoyasikia. Wale waliojiona toka nje walisimulia zaidi namna walivyoonekana, na vitu vilivyokuwa mahali pale. Mnaona sasa? Mama asiyelia si kwamba hana uchungu. Amesimama mbali nao, kwa sababu kuukaribia kwamshinda bado.

Lakini tusidhani kwamba heri abaki huko. Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2009 kutoka Australia, ulionyesha kwamba wale waliouona mkasa wao toka nje hapo mwanzo, ndio walioelekea kuwa na ugonjwa mzito zaidi hata baada ya mwaka mzima. Kinga ikidumu mno yawa kizuizi.

Basi tufanyeje nyumbani kwetu? Mume, usimhoji mkeo kama askari. Mama, usimlazimishe mwanao kusimulia, wala usimwambie "sahau." Akianza mwenyewe kusema, acha jembe, keti, sikiliza mpaka mwisho. Asipolia, usimdai machozi. Akilia, usimnyamazishe. Na ikiwa mwezi umepita naye halali, hashiki kazi, au asema bado ajiona kama mtu mwingine, mpelekeni hospitali, na maneno hayo hayo mwambieni daktari, msione haya. Yako matibabu ya mazungumzo, ambayo mtu aliyefundishwa kazi hiyo humwongoza mgonjwa kuyakaribia mambo yake kidogo kidogo, mpaka aweze kuyakumbuka pasipo kuzidiwa.

Sala nayo haigombani na hospitali. Tena tunao mfano wa Bwana wetu mwenyewe katika njia ya Emau. Wale wanafunzi wawili walikuwa wameona mambo ya kutisha Yerusalemu. Yeye aliyajua yote kuliko wao. Hata hivyo aliandamana nao, akawauliza, akawaacha waseme habari yote kwa kinywa chao, ndipo naye akasema. Hakuanza kwa hukumu.

Labda katika kijiji chako yuko mtu aliyesema mara moja "Nilijiona," watu wakacheka, naye hajasema tena. Jumapili hii baada ya Misa, fuatana naye njiani.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Karani wa Parokia