ZAHANATI YA KAUNTI NI MALI YETU

Ndugu wafanyakazi wa majani chai,

Wako wenzetu wasemao: "Sisi tuna hospitali ya kampuni. Habari za kaunti zatuhusu nini?" Twawajibu: zatuhusu sana.

Hospitali ya kampuni ni ya kampuni. Ukiwa na kazi, utatibiwa. Mashine ya kuchuma ikiingia shambani na jina lako likafutwa, unapoteza kazi, nyumba na dawa, yote matatu pamoja. Utarudi kwenu, iwe Bureti, Sotik au Kisii, na mtoto akishikwa na homa usiku utampeleka zahanati ya kaunti. Je, utakuta muuguzi? Utakuta dawa?

Pesa twatoa. Tangu Oktoba 1, 2024, SHIF imechukua mahali pa NHIF, na kila mshahara hukatwa asilimia 2.75. Apataye shilingi 15,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 412 na senti 50, na mwajiri haongezi hata senti moja. Aliyefutwa kazi naye hasamehewi. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na sheria yamtaka alipe ya mwaka mzima. Mtu aliyekwisha kulipa, kwa nini apewe karatasi aende kununua dawa dukani?

Ahadi tumezisikia. Mwaka 2001, huko Abuja, Nigeria, wakuu wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya haijafika hapo. Tangu 2013 zahanati na hospitali za umma za kwetu ziko mikononi mwa kaunti. Mwaka 2023 ikatoka sheria kwamba pesa zikusanywazo hospitalini zibaki hospitalini. Hata hivyo mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56 kudai haki zao. Hatuwalaumu, nao ni wafanyakazi kama sisi. Lakini tajiri alikwenda hospitali ya kulipia, maskini akalala na ugonjwa wake.

Kwa hiyo twataka mambo matatu:

1. Kericho na Bomet zibandike ukutani, katika kila zahanati, dawa zilizoletwa na pesa zilizotumika.

2. Kampuni ikileta mashine, mapatano na chama yaandike aliyefutwa na watoto wake watatibiwa kwa muda gani, na nani atalipa.

3. Kila tawi la chama lipeleke watu katika vikao vya bajeti ya kaunti. Makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka. Ukingoja Mei, umechelewa.

Ndugu, tusiseme kaunti imetusahau ikiwa viti vyetu katika vikao vile ni vitupu. Wanasiasa watakwenda, wenye tenda watakwenda, nao watagawana. Asiyekuwapo na lake halipo. Twendeni!

UMOJA NI NGUVU