Tutazame Kwanza, Kisha Tusahihishe

Katika vyuo vingi vya ualimu, mada ya mfumo wa jua hufundishwa mchana, ubaoni, kwa chaki. Mwanachuo hukariri majina ya sayari nane, hupata alama zake, kisha huenda shuleni kuwakaririsha watoto majina yale yale. Maoni yangu ni kwamba ufundishaji wa namna hii haumfai mwalimu wala mwanafunzi. Sisemi haya ili kumlaumu mtu. Kosa hilo nimelitenda mimi mwenyewe.

Mwaka mmoja niliwapa wanachuo wangu zoezi la kuchora sayari ya Mshtarii pamoja na miezi yake minne mikubwa: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Wote walinakili kitabuni, miezi ikiwa katika mstari uliolala, kushoto na kulia kwa sayari. Mmoja tu aliichora katika mstari uliosimama, juu na chini. Nikamwekea alama ya kosa.

Alinijia ofisini, akasema kwa adabu, "Samahani, Mwalimu, ndivyo nilivyoona." Alikuwa ameazima kwa mjomba wake darubini ya mkono, ile yenye matundu mawili ya kutazamia. Usiku ule tulitoka pamoja hadi kiwanjani. Mshtarii ilikuwa imechomoza mashariki, nayo miezi yake ilikuwa imesimama kama shanga katika uzi uliotundikwa.

Sababu yake ni nyepesi. Miezi hiyo huizunguka Mshtarii karibu sambamba na njia ambayo sayari hupita angani. Kwetu sisi tulio jirani na Ikweta, njia hiyo huinuka karibu wima kutoka upeo wa macho. Kwa hiyo sayari ingali chini mashariki, au inapokaribia kutua magharibi, mstari wa miezi nao husimama. Kitabu hakikudanganya, kilifuata desturi ya uchoraji. Aliyekosea ni mimi, niliyesahihisha jambo ambalo sikuwahi kulitazama.

Napendekeza basi kila chuo kiwe na darubini ya mkono walau moja. Zilizo nyingi huandikwa 7x50 au 10x50: tarakimu ya kwanza ni mara ngapi darubini hukuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kwa kuwa mikono hutikisika, mtazamaji aegemee ukuta au ategemeze viwiko juu ya dawati. Kwa wiki mbili, kila jioni yenye anga safi, mwanachuo achore alichokiona na kuandika tarehe na saa. Io humaliza mzunguko wake kwa saa 42 hivi, na Callisto kwa siku 17 hivi. Hivyo mchoro wa leo hautafanana na wa jana. Kwa kumbukumbu za namna hiyo hiyo, zilizoanza tarehe 7 Januari 1610, Galileo alitambua kwamba si kila kitu angani huizunguka dunia.

Zuhura nayo, katika majuma inapoikaribia dunia, huonekana kama hilali nyembamba. Inapoonekana jioni, kwetu ukingo wake unaong'aa huelekea chini, jua lilikotua, mfano wa mtumbwi. Hapa mkufunzi awe mkali: darubini isiinuliwe kabla jua halijazama kabisa, maana kulitazama jua kwa darubini hupofusha.

Wako watakaosema kwamba darubini moja haiwatoshi wanachuo arobaini. Dakika mbili kwa kila mmoja ni saa moja na dakika ishirini. Muda huo tunao.

Zaidi ya hayo, zoezi hili humfunza mwalimu uaminifu. Mwanachuo akileta mchoro wa Zohali na pete zake, akadai ameziona kwa darubini ya 7x50, tujue amenakili, kwa kuwa chombo hicho hakina uwezo wa kuzionyesha. Mchoro wake ni mzuri, lakini hauna ukweli. Yule aliyeandika "nimeona nukta tu" ndiye anayestahili alama.

Kesho yake niliingia darasani, nikaifuta alama ile ya kosa mbele ya wote, nikaeleza kwa nini. Heshima yangu haikupungua. Jioni ile wanachuo kumi na wawili walinisubiri kiwanjani.