Usiku Umefunguliwa, Tuupime

Kwa takriban miaka 30 mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Marufuku hiyo iliwekwa miaka ya 1990 kwa sababu ya ajali. Abiria na wabunge waliilalamikia kwa muda mrefu, hadi Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza bungeni kuiondoa.

Mchuuzi wa Sibwesa anayepitia Mpanda kufuata bidhaa Dar es Salaam aliijua hasara yake. Basi likilazwa njiani, alilipia chakula na kitanda, au alisinzia kitini huku mtaji ukiwa kibindoni. Mwenye basi naye alikuwa na chombo cha mamilioni kisichoingiza hata senti hadi alfajiri. Gharama zote hizo ziliishia kwenye bei ya dukani.

Hata hivyo, faida ya usiku isije ikaliwa na mazishi. Barabara ya Mpanda hadi Sumbawanga inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na wanyama hawavuki kwa ratiba. Dereva aliyechoka hapo ni hasara kubwa kuliko siku moja ya kuchelewa.

Ruhusa ibaki, lakini masharti yafuate hali ya kila barabara. LATRA inao mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi. Utumike kumsimamisha mkorofi mmoja badala ya kuwalaza wote. Nawe mfanyabiashara, kabla ya kukata tiketi ya usiku, uliza kama yupo dereva wa pili. Nauli nafuu isikupofushe.