Mimba na meno huko Pweto: swali lenye kukosekana kwenye CPN

Katika vituo vya afya vya eneo la Pweto, sawa vile kwengine Haut-Katanga, kazi ya siku ya CPN inajulikana. Mama anapimwa kilo, tension, tumbo; anapewa vidonge vya fer, dawa ya malaria na moustiquaire. Kinywa chake, mara nyingi hakuna mwenye kukiangalia. Yeye mwenyewe hasemi kitu, juu wakubwa walishamuambia: kila mimba inaondoa jino moja.

Ile maneno si kweli. Mutoto hachukui calcium kwenye meno ya mama. Kama chakula hakitoshi, mwili unaivuta kwenye mifupa, na huku pembeni ya ziwa Moero, bukari na chisense yenye kuliwa nzima inasaidia vizuri. Chenye kubadilika ni ufizi. Homoni za mimba zinapanda, na uchafu kidogo kati ya meno, wenye zamani haukuleta shida, sasa unauvimbisha. Unakuwa mwekundu, unatoka damu wakati wa kupiga muswaki. Zaidi ya nusu ya wamama wenye mimba wanapita hapo. Mama anaona damu, anaogopa, anaacha muswaki. Hapo ndipo mambo yanaharibika: uchafu unaongezeka, damu inazidi, na kwa wengine ugonjwa unafika kwenye mufupa wenye kushika jino. Jino likianza kutikisika, jirani anasema: unaona, ni mimba.

Je, mutoto ako mu hatari? Uchunguzi mwingi umeona kama wamama wenye ugonjwa wa ufizi wanazaa mbele ya wakati mara nyingi zaidi. Lakini jaribio kubwa lenye kutangazwa Marekani mwaka wa 2006 lilitibu ufizi wakati wa mimba, na hesabu ya watoto wenye kuzaliwa mapema haikushuka. Basi kuwaogopesha wamama na jambo hilo si haki. Jaribio hilo lilionyesha kitu kingine: ufizi ulipona, na matunzo hayakuumiza mimba. Hata sindano ya kufisha ganzi na kung'oa jino vinawezekana. Mwezi wa ine mpaka wa sita ndio mwepesi zaidi kwa mama, lakini jino lenye usaha halingojee kuzaa.

Hatari yenye kuonekana wazi iko kwenye meza ya dawa sokoni. Jino likiuma usiku, mama ananunua tetracycline ya kuhesabu moja moja. Ile dawa inaingia kwenye meno ya mutoto yenye kujitengeneza tumboni, na yanaweza kutoka ya manjano ao kahawia. Ibuprofen na diclofenac, mimba ikipita miezi tano, zinaweza kuumiza figo na moyo wa mutoto. Paracetamol ndiyo yenye kutumiwa, mpaka kufika kwa munganga.

Matunzo ya bure ya uzazi yalianza Kinshasa mwaka wa 2023. Mazungumuzo yake ni CPN, kuzaa, sezarieni na mutoto muchanga, meno hayasikiki. Lakini mwaka wa 2021, mukutano mukubwa wa OMS ulikubali kama matunzo ya kinywa yaingizwe katika afya ya musingi. Kwa Pweto, maana yake haiko kungojea munganga wa meno atoke Lubumbashi wakati wa mvua, na barabara ile. Muuguzi mwenye tochi anaweza kuuliza siku ya kilo: ufizi unatoka damu? kuna jino lenye kuuma? Aseme pia kama muswaki unaendelea hata na damu, mara mbili kwa siku, na kama kisha kutapika mama asukutue na maji, angojee nusu saa mbele ya kupiga muswaki.

Swali peke yake ni nusu ya kazi. Mama mwenye uso kuvimba, homa ao usaha anapashwa kujua anatumwa wapi, siku gani, na anapokelewa na nani. Hiyo ni kazi ya wakubwa wa zone de santé, na bei ya kung'oa jino iandikwe kwenye ukuta, karibu na bei ya kuzaa.