Risasi inapopotea, tuulize pia hali ya bunduki

Kila mara risasi inapompata raia asiyehusika, swali la kwanza ni lile lile: nani alipiga? Ni swali la haki. Lakini hapa Likasi, tukiwa Kikula, Panda au Shituru, tunapaswa kuwauliza viongozi swali la pili: bunduki ile ilikuwa katika hali gani, na nani aliipima mara ya mwisho?

Wengi wanadhani shabaha ni jicho na mkono tu. Kumbe inaanzia kwenye kitako. Kikiwa kirefu kuliko mkono wa askari, shingo inanyooka na jicho halikai mahali pamoja kila anapolenga. Kikilegea kwenye skrubu zake, kila risasi inashika njia yake. Kwenye Kalashnikov, alama mbili za kulengea zinaachana karibu sentimita 38. Ulengaji ukikosea milimita moja tu, kwa mita 100 risasi inapita sentimita 26 pembeni. Hiyo inatosha kumwacha anayelengwa na kumpata jirani yake.

Bunduki za kuwinda za aina ya Mauser zina shida zaidi, kwa sababu chuma kimelazwa ndani ya mti na kukazwa kwa skrubu. Wakati wa mvua mti unavimba na kusukuma mtutu. Kiangazi unakauka na skrubu zinalegea. Bunduki iliyopimwa mwezi wa saba inaweza kupiga pengine mwezi wa kwanza. Maseremala wetu wanalijua jambo hili: wanaupenda mulombwa kwa sababu ukishakauka haujikunji ovyo. Mlango uliovimba unakwaruza tu sakafu. Bunduki iliyovimba inaweza kuua.

Kuna watakaosema kwamba tunatafutia askari udhuru. Hapana. Tangu 1990 kanuni za Umoja wa Mataifa zinasema polisi asimpige mtu risasi isipokuwa kuokoa maisha yaliyo hatarini. Mchimbaji asiye na silaha hastahili risasi, hata ile iliyolengwa vizuri. Lakini siku ambayo askari analazimika kweli kupiga, raia waliosimama nyuma wana haki ya kujua kwamba risasi itaenda alikolenga.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila bunduki iwe na mtu wake mmoja, isipite mkono kwa mkono kila zamu inapobadilika. Namba yake iandikwe kwenye daftari. Pili, fundi wa silaha aikague mara mbili kwa mwaka, mvua inapoanza na inapokwisha: skrubu, kitako, alama za kulengea. Tatu, askari apewe risasi chache za mazoezi, nje ya mji, aijue bunduki yake kabla ya kuingia nayo sokoni.

Mazoezi yanahitaji pesa kidogo. Daftari na bisibisi havihitaji kusubiri bajeti ya Kinshasa. Na mtu akiuawa, daftari hilo lifunguliwe mbele ya mahakama ya kijeshi, ambako polisi wanahukumiwa. Hapo neno «bahati mbaya» litakuwa na mtu wa kulijibia: aliyepiga, au mkubwa aliyempa bunduki mbovu.